Tezi Zilizolala za Mama Robai

Tezi hazionekani. Nawaambia mapema ninyi mliobaki kwenye kliniki, ili mkianza kuchanganyikiwa msidhani ni ninyi peke yenu. Mfupa ukivunjika utauona kwenye picha, jipu litakuonyesha lilipo, hata minyoo hutoka wenyewe wakajitambulisha. Tezi hukaa kimya zilipojificha. Moja iko chini ya ubongo, haizidi punje ya njegere. Nyingine iko shingoni, na mbili zimekaa juu ya figo kama kofia. Kila moja humwaga kitu chake kidogo kwenye damu, na kitu hicho husafiri mpaka mwisho wa mwili kikatoa amri. Hicho ndicho homoni. Nimehangaika nacho tangu nikiwa msichana mwembamba hadi magoti yangu yenyewe yameanza kulalamika, na bado kuna asubuhi naamka nikijiuliza kama nilikielewa.

Nilianza kazi Kitale, kliniko ofisa, yaani mtibabu asiye daktari, aliyetoka chuoni akiwa na koti jeupe kubwa kuliko yeye. Mama yangu alilishonesha hivyo akitarajia ninenepe kazini. Jina langu ni Nasimiyu, lakini wagonjwa waliniita daktari na madaktari waliniita sista, nami nikaitikia yote mawili. Waliniweka chumba kimoja na Bwana Ndiema, kliniko ofisa mkongwe kutoka miteremko ya Mlima Elgon, mtu mrefu ambaye mfuko wa koti lake uliungua siku aliyosahau kuzima taa ya spiriti. Siku ya kwanza hakunipa kipimo chochote wala kalamu.

"Leo kazi yako ni kusalimia," akasema. "Toka nje pale kwa benchi, salimia kila mtu kwa mkono, halafu rudi."

Nikadhani ananidharau. Nikasalimia benchi lote, nikarudi.

"Yule mama ya kitambaa ya kijani, mkono yake iko aje?"

"Ni kawaida."

"Kawaida ni nini? Rudi umsalimie tena."

Nikarudi. Yule mama akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili, lakini akanipa mkono. Safari hii nikaushika. Ulikuwa wa moto, umelowa jasho asubuhi ya baridi ya Kitale, na vidole vilitetemeka. Bwana Ndiema akanieleza kwamba tezi ya shingoni ndiyo inayopanga mwendo wa mwili. Ikizidisha homoni yake, moyo unakimbia, jasho linatoka, mtu anakula sana na bado anakonda. Ikipunguza, mkono unakuwa baridi na mkavu, mtu ananenepa bila kula, anasinzia kanisani hata kabla ya mahubiri. Tuliwaona wengi wa aina zote mbili, na wengine wenye rovu shingoni kubwa kama kiazi, hasa kina mama wazee kutoka mlimani. Nilichoshindwa kuelewa ni hiki: rovu kubwa lingeweza kuwa la tezi iliyozidi, au iliyopungua, au isiyo na shida yoyote. Nilimwuliza Bwana Ndiema mbona hivyo. Akasema na yeye alimwuliza mwalimu wake, na mwalimu wake akaenda kunywa chai.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Sukari tuliipima kwa kuchemsha mkojo na maji fulani ya buluu juu ya ile taa ya spiriti; yakigeuka rangi ya tofali, basi mtu huyo kongosho lake limechoka kutoa insulini. Mkulima mmoja alinikuta nikichemsha akauliza kama ni supu. Nilipomweleza kwamba ni mkojo wake na una sukari, alikasirika kweli. "Mimi chai ninaweka kijiko moja tu!" Nilimweleza kwamba sukari imejaa kwenye damu kwa sababu insulini haipo ya kuifungulia mlango iingie kwenye nyama za mwili, ndiyo maana anakula na bado ana njaa. Akasikiliza kwa makini, kisha akauliza, kama ni hivyo, nani alifunga huo mlango. Mpaka leo naona lilikuwa swali zuri.

Kulikuwa pia na mwalimu ambaye wenzake walisema amerukwa na akili. Alikuwa halali usiku, anazungumza bila kituo, macho yamemtoka, na ameombewa katika makanisa mawili. Bwana Ndiema alimsalimia tu, akaniangalia. Tezi. Tukampa dawa ya kuituliza, na baada ya muda akawa mtu mpole. Sasa mkewe ndiye aliyerudi kulalamika.

"Hamuwezi kumrudishia kidogo tu?" aliniuliza. "Huyu wa zamani alikuwa analima shamba yote kabla ya chai."

Hayo ndiyo mafunzo yangu. Nasema mengi ya Bwana Ndiema kwa sababu kuna kitu alinieleza siku moja tukila mahindi ya kuchoma nyuma ya maabara, na miaka mingi baadaye nilikihitaji nikakikosa kichwani. Nilimwuliza kuhusu zile tezi za juu ya figo. Akasema zinatoa homoni ya kuvumilia shida: ukiumwa, ukikosa chakula, ukipasuliwa, hiyo ndiyo inayokushikilia presha na sukari usianguke. Lakini hazifanyi kazi bila kuitwa. Tezi ndogo chini ya ubongo ndiyo inayoziita, na ikiona damu ina homoni ya kutosha, inanyamaza.

"Sasa mtu akimeza hiyo homoni kwa tembe, kila siku, muda mrefu," akasema, "huyo wa kichwani anaona damu imejaa. Anasema, aah, kazi imefanyika. Hawa wa figo hawaitwi tena. Wanalala, wananyauka. Ni kama tajiri alete trekta shambani. Wale wa jembe wanaenda kulala. Siku trekta inaondoka, jembe imeshika kutu na watu wamesahau kulima."

Nikacheka, nikamaliza mahindi yangu, na nikasahau.

Nilihamishiwa Bungoma nikiwa mama wa watoto, katika hospitali ambayo sitaitaja kwa sababu haina kosa katika haya. Huko ndiko alikokuja Mama Robai.

Mama Robai alikuwa mjane kutoka upande wa Sirisia, mkulima wa mahindi na maharagwe, mwimbaji wa kwaya ya wazee. Aliletwa na bintiye Nafula, ambaye alikuwa mjamzito. Sukari ilikuwa juu, presha ilikuwa juu. Nilimsalimia kama nilivyofundishwa, nikaushika mkono. Haukuwa wa moto wala wa baridi, haukuwa na jasho wala haukukauka. Mkono haukuniambia kitu. Lakini uso wake ulikuwa mviringo na mwekundu mashavuni, nyuma ya shingo kulikuwa na nundu ya mafuta, tumbo kubwa, na miguu myembamba kama ya mtu mwingine kabisa. Ngozi yake ilikuwa nyepesi. Nilipofunga kitambaa cha presha kiliacha alama ya zambarau. Nikaomba kitambulisho chake. Picha ile ilikuwa ya mwanamke mwenye uso mrefu.

"Amenona tu, daktari," Nafula akasema. "Kanisani wanasema amebarikiwa."

Uso ule naujua, na ninyi mnaujua kwenye vitabu. Ni uso wa mtu mwenye homoni ya zile tezi za juu ya figo iliyozidi. Inaweza kuwa tezi yake mwenyewe imeota kitu, au anameza tembe. Nikamwita mayi, yaani mama kwa kwetu, nikamwuliza moja kwa moja.

"Mayi, kuna dawa unatumia? Ya duka, ya miti, ya mtu yeyote?"

"Mimi? Hapana, daktali. Mimi ninaachia Mungu tu."

Alipojibu aliangalia dirishani. Nami nikaangalia dirishani. Nje, kando ya tangi la maji, kulikuwa na mwanamume amesimama ametupa mgongo. Nikamtambua kwa mgongo ule kwamba ni mkwe, mume wa Nafula, aliyewaleta kwa pikipiki. Nikajisemea, huyu kijana ana adabu.

Msomaji asiye wa kwetu ajue hivi. Sisi Wabukusu, mama na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawaingii chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao anajitupa kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Hawatajani majina. Wakiwa na neno la lazima, wanampa mtu wa tatu alipeleke, hata kama wote wawili wanasikiana vizuri. Mimi mwenyewe nina mkwe na namheshimu sana. Kisogo chake nakijua kuliko uso wake.

Tukamlaza Mama Robai wodini, na hapo ndipo nilipoanza kupotea njia. Daktari Brian, kijana aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, alimpangia insulini. Siku ya kwanza mama alikuwa anaendelea vizuri. Sukari ikashuka, tukafurahi. Ikashuka tena, Brian akapunguza insulini. Ikashuka zaidi, akaiondoa kabisa. Presha nayo ikashuka. Mama akaanza kutapika, akashindwa kuinua kichwa kwenye mto, akawa anaongea kwa sauti ya kutoka mbali. Tukapima malaria, hakuna. Tukapima homa ya matumbo, maana kwetu mtu akitapika lazima apimwe hiyo, hakuna. Kisha Nafula akaja na uji wa wimbi, akamnywesha, na kesho yake mama alikuwa ameketi, anachekesha wodi nzima, sukari imepanda, presha imepanda. Brian akarudisha insulini.

Ikawa hivyo tena, na tena. Nafula akija, mama anafufuka. Nafula akikosa, mama anazama. Manesi walisema anakosa watu wake. Mchungaji wa wodi alisema ni maombi. Brian alisema labda ni mashine yetu ya sukari, akajipima mwenyewe, akajikuta mzima na mwenye huzuni. Mimi nilianza kuwaza kama furaha inaweza kupandisha sukari. Nilimwuliza mume wangu nyumbani, akasema yeye furaha humletea usingizi tu.

Tukatuma damu Eldoret kupima homoni ya figo. Nilitarajia jibu la juu sana, na tayari nilikuwa nimeanza kuwaza atapasuliwa wapi. Jibu likaja: karibu hakuna kitu. Nililisoma nimesimama, nikalisoma nimeketi. Uso unasema homoni imezidi mpaka imemwagika, damu inasema haipo. Haiwezekani mtu awe amelowa na bado awe mkavu. Nikaamua kwamba huko Eldoret wamechanganya chupa, na nikamwambia Brian hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Wakati huo Nafula alikuwa karibu kujifungua, na familia ikaomba mama arudi nyumbani. Siku waliyoomba ilikuwa siku nzuri. Nafula alikuwa amekuja jana yake. Mama alitembea mwenyewe hadi langoni. Nilimruhusu. Niliogopa atakufa, na kwamba atakufa bila mtu kujua amekufa na nini, nasi tutaandika moyo, kwa sababu moyo husimama kwa kila mtu.

Alirudi mchana mmoja wa jua kali. Nilikuwa nje nikizungumza na mlinzi tulipoona pikipiki ikiingia polepole sana, na aliyeiendesha alionekana ana vichwa viwili. Alikuwa yule mkwe, Simiyu. Mgongoni alikuwa amembeba mama mkwe wake, amefungwa kwa leso mbili, moja kiunoni na nyingine mabegani, kama mtoto. Kichwa cha mama kilikuwa kimelala begani mwake, shavu kwa shingo. Bibi mmoja mzee alijifunika uso kwa kitambaa chake.

Tulifungua leso, tukampokea mama, na Simiyu akatembea moja kwa moja hadi kwenye tangi la maji, akatupa mgongo kama kawaida yake.

Ndani, presha ya mama ilikuwa ya kutafutwa. Sukari iko chini. Nikamshika mkono. Safari hii ulizungumza, ulikuwa baridi na umelowa, lakini sikuelewa unasema nini.

"Sista, hii ni nini?" Brian aliniuliza akitafuta mshipa. "Insulini hapati. Hajala. Nimpe nini?"

"Mpe maji na sukari, ngoja," nikasema, kwa sababu lazima useme kitu.

Nikatoka. Sijui kwa nini nilitoka. Labda nilitaka tu kuwa mbali na ule mkono. Nikajikuta karibu na tangi la maji, nyuma ya mgongo wa Simiyu, mgongo niliokuwa nimeupita siku zote zile bila kuuliza swali.

"Simiyu. Geuka uniangalie. Mimi si mama mkwe wako."

"Najua, daktari." Hakugeuka.

"Mama amekula nini? Amekunywa nini?"

"Hajakunywa. Si hiyo ndio shida? Nafula alienda Webuye kwa dada yake wiki iliyopita, akajifungua huko. Hakukuwa na mtu wa kumpea."

"Kumpea nini?"

Akatia mkono ndani ya jaketi, akatoa chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Ndani kulikuwa na unga wa kahawia.

"Ni ya magoti," akasema akiliambia tangi la maji. "Ninanunuanga Lwakhakha nikienda kuleta vitunguu. Ni miti tu, daktari, si dawa. Mbeleni mama alikuwa anatambaa kwa nyumba. Alipoanza hii akatembea mpaka kanisa, bana. Nafula anamwekea kwa uji. Leo nimeenda kumwachia kwa jirani, jirani hayuko, nikasikia mama analia ndani. Nikaita, nikaita. Ningefanya aje?"

"Mama anajua dawa inatoka kwako?"

"Anajua. Lakini hajui mimi najua anajua. Sasa mimi nitaongea aje mambo ya magoti ya mama ya bibi yangu? Na yeye atasema aje? Tafadhali, asisikie ati nimekwambia."

Nilimimina unga ule kwenye trei ya chuma. Maganda ya mti, majivu, harufu ya kawaida ya sokoni. Nikatandaza kwa kalamu. Katikati ya kahawia kulikuwa na chembe nyeupe, nyingi, na moja yake ilikuwa na ukingo laini wa duara ambao hakuna mti unaouota. Mtu alikuwa ametwanga tembe akazichanganya na maganda. Na tembe ya bei rahisi inayonyanyua magoti ya wazee na kuwavimbisha uso ni moja tu, ile tunayoiita deksa, homoni ile ile ya figo iliyotengenezwa kiwandani.

Trekta. Nilisimama na trei mkononi na nikaliona trekta la Bwana Ndiema likiondoka shambani. Eldoret hawakuchanganya chupa yoyote. Uso ulikuwa umejazwa na zile tembe, na kipimo cha damu kilikuwa kinatafuta homoni ya mama mwenyewe, ambayo haikuwepo, kwa sababu tezi zake zilikuwa zimelala muda mrefu sana. Tulipomweka wodini tulikuwa tunamnyima trekta. Nafula akija na uji, analirudisha. Sasa wiki nzima halijaja.

Nilikimbia, kwa kadiri magoti yangu yanavyokimbia. "Brian! Haidrokotizoni! Ya mshipa, sasa hivi!" Ni homoni ile ile, ya sindano, naye hakuuliza. Tukaipata, tukaichoma, tukaongeza maji ya chumvi na ya sukari. Kisha tukangoja, na katika kungoja kule nilichanganyikiwa upya, kwa sababu sikuwa na hakika, na kama nimekosea hakukuwa na jambo lingine la kujaribu. Nilikaa nimemshika mkono. Sijui ulianza kupata joto lini. Najua tu kwamba chai ya alasiri ilipopita na toroli lake la kelele, Mama Robai alifungua macho akauliza kama ina maziwa.

Kisha akauliza, "Nani amenileta?"

Nesi akajifanya anatafuta mkasi. Mama akatazama leso zilizokunjwa miguuni pake, akatazama dirishani kwenye tangi la maji, akajifunika shuka uso mzima.

Hapo ndipo shida kubwa ilipoanza. Tezi zilizolala huwezi kuziamsha kwa kelele. Ilibidi mama ameze tembe za hospitali kila asubuhi, tukizipunguza kidogo kidogo kwa miezi, mpaka ile ya kichwani ione homoni imepungua kwenye damu na ianze kuita tena. Akiruka siku kadhaa, anakufa. Wanawe wa kiume walikuwa mbali, vibarua hawakuwa wa kutegemewa, mama mwenyewe alikuwa anasahau, na Nafula alikuwa Webuye na kichanga. Mtu aliyekuwa karibu ni mmoja.

"Huyo hapana," akasema chini ya shuka. "Amenibeba mgongoni, daktali, watu wakiona. Afadhali nife na heshima yangu. Mwambie mtu wa pale nje arudi kwake."

Dirisha lilikuwa wazi. Simiyu alisikia kila neno. Lakini nikatoka, nikaenda hadi kwenye tangi.

"Mama anasema urudi kwako."

"Mwambie mama nitarudi akikubali kumeza dawa."

Nikarudi ndani. "Anasema atarudi ukikubali kumeza dawa."

"Mwambie hayo si maneno ya mtoto ya mtu kumwambia mama mkwe."

Nikatoka tena. Nilikwenda na kurudi mpaka nikapoteza hesabu, nikipeleka maneno ambayo yalikuwa yameshafika kabla yangu. Mahali fulani katikati ya njia ile nikajiona mimi ndiye homoni, yenye magoti mabaya, na nikaanza kucheka peke yangu hadi mlinzi akaniuliza kama niko sawa. Mwishowe walikubaliana. Simiyu angeweka tembe ya siku kwenye jiwe langoni kwa mama, akohoe, aondoke. Mama angetoka akisikia kikohozi.

Ikawa hivyo. Kila alipokuja kliniki niliona uso mrefu wa kwenye kitambulisho unarudi kidogo kidogo. Nundu ikapungua, sukari ikatulia bila insulini. Magoti yakarudi kuuma, tukayapa dawa ndogo ya halali na fimbo. Kanisani, ambako walikuwa wamesema amebarikiwa, sasa walianza kumwombea kwa sababu amekonda. Nami niliendelea kuogopa. Kila tulipopunguza tembe nilikuwa najiuliza kama tezi zimesikia, au zimenyauka kabisa na tunazungumza na maiti. Tulituma damu Eldoret, na safari hii niliomba msamaha kimoyomoyo kabla ya kufungua jibu. Kulikuwa na homoni. Kidogo, lakini ilikuwa yake.

Aibu kama ile ya pikipiki, kwetu, ina njia ya kuondolewa. Nyumba mbili zinakutana, kila upande unatoa zawadi yake mbele ya watu, na mama na mkwe wanapeana mkono. Baada ya hapo wanaweza kuonana. Walinialika Sirisia. Simiyu alileta kondoo. Mama Robai alitoa blanketi jipya, na nadhani alilichagua kwa sababu ya mgongo ule uliosimama kwenye baridi ya tangi la maji, lakini hakusema, na sikuuliza.

Walisimama uso kwa uso. Simiyu alikuwa na uso mpana na kovu dogo kidevuni. Nilikuwa sijawahi kuuona vizuri. Akanyoosha mkono. Mama akaupokea, na badala ya kuuachia akaushikilia, akakunja uso, akanigeukia mimi.

"Daktali, mkono ya huyu iko baridi. Ina jasho. Na inatetemeka." Alikuwa na wasiwasi kweli. "Hii si tezi?"

"Ni tezi, mayi," nikasema. "Ni zile zile za juu ya figo. Zake ziko macho. Anaogopa."

Mama akautazama mkono ule, akaufunika kwa mkono wake wa pili.

"Basi mwambie asiogope."

Nikafungua mdomo nimwambie, kama nilivyozoea. Kisha nikaufunga. Watu wote wakaningoja, Simiyu akaningoja, nami nikaangalia chini kwenye nyasi. Mama Robai akaona kwamba leo sipeleki neno.

"Usiogope, Simiyu," akasema mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaja jina lake.